Maswali Matatu ya Chaki

Karatasi yenyewe ilikuwa ndogo, upana wa vidole vitatu, ya aina ile inayotoka kwenye mashine za risiti. Juu iliandikwa jina la mtoto. Katikati, kwa herufi nene, kiwango cha dawa ya kutia kwenye dripu. Chini kabisa, kwa herufi zilizomlazimu Inspekta kuvaa miwani, uzito wa mgonjwa: kilo 41.

Mtoto alikuwa na kilo 14.

"Aligeuza tarakimu," alisema Fundi. "Kumi na nne akaiandika arobaini na moja. Uchovu tu, Afande. Mashine haisinzii. Mtu husinzia."

Huyu Fundi ndiye aliyesimamia kompyuta zote za hospitali. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini hivi, shati limepigwa pasi likapigika, na ofisi yake ilikuwa na kipoza hewa, kiti cha kuzunguka na mlango uliojifunga wenyewe taratibu. Aliongea kama mtu aliyekwisha kumaliza kesi na sasa anangoja wageni waage.

Inspekta hakuaga. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minne, mfupi, mwenye mkoba mkubwa kuliko cheo chake, na kituoni walimwita Bi Tena, ingawa si mbele yake. Jina lilitokana na mazoea yake. Shahidi akimaliza maelezo, hata kama ameeleza vizuri mpaka machozi yamemtoka, yeye husema, "Tena." Wengi walilichukia neno hilo, na waongo walilichukia zaidi, maana kila wakirudia huongeza chumvi.

Leo yeye mwenyewe ndiye aliyehitaji kurudia. Juzi mtoto wa kike wa miaka minne aliletwa chumba cha dharura, akatiwa dawa karibu mara tatu ya aliyostahili, na mpaka sasa alikuwa hajafumbua macho. Jana Bi Tena alimkamata muuguzi aliyekuwa zamu, kwa ushahidi wa karatasi hii hii ya vidole vitatu. Kumi na nne, arobaini na moja. Ilikuwa rahisi mno. Saa nane mchana faili lilitakiwa liwe mezani kwa Mkuu wake, na saa tisa muuguzi angesimama mbele ya hakimu kujibu shitaka la uzembe. Saa hizi ilikuwa saa nne na robo.

Kilichomkosesha raha kilikuwa maelezo ya muuguzi. Alimtaka aeleze mara tatu, na mara zote tatu mwanamke yule alisema maneno yale yale, hakuongeza wala hakupunguza: "Niliandika kumi na nne. Niliiona kumi na nne kwa macho yangu."

"Nionyeshe inavyofanya kazi," alimwambia Fundi.

Fundi alishusha pumzi, akageuza kiti. Aliandika jina la uongo, akaandika kilo 14, akabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Mashine ndogo ikatema karatasi: kilo 14.

"Tena."

Alifanya mara kumi. Mara kumi karatasi ilisema kweli. Mara ya kumi Fundi alimpa ile karatasi huku anatabasamu.

"Programu haina neno, Afande. Hospitali nyingi wanaitumia, tena bure. Ni programu huria. Mtu yeyote anaweza kuichukua, akaitumia, hata akaifungua ndani aone ilivyoandikwa."

"Nani anaiandika?"

"Yuko mmoja anajiita Chaki. Nasikia ni mwalimu wa hesabu wa sekondari, anafanya hii kazi baada ya vipindi. Wengine wanamsaidia mara moja moja."

"Umewahi kumwandikia?"

Fundi alikuna shavu ambalo halikuwa linawasha. "Niliwahi. Zamani kidogo. Hakufanya lolote. Unajua tena vitu vya bure."

Bi Tena aliandika kwenye daftari lake, *Alimwandikia*, akaweka nyota.

*

Muuguzi alikuwa amewekwa kwenye chumba cha mapumziko cha wauguzi, askari mlangoni. Watu wote hospitalini walimwita Sista, hata wale waliokuwa na masista wengine saba wa kuwachanganya naye. Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini. Alisimama Bi Tena alipoingia, akakutanisha viganja.

"Shikamoo Mama. Mtoto?"

"Marahaba. Bado amelala. Twende chumba cha dharura, mdogo wangu."

"Mbele za watu?"

"Mbele za kompyuta."

Kompyuta yenyewe ilikuwa juu ya meza nyembamba karibu na dirisha, katikati ya vitanda na rafu ya dawa. Kibodi yake ilikuwa imefutika herufi nne. Ukutani juu yake palibandikwa matangazo: nawa mikono, usile hapa, funga skrini kila unapoinuka, namba za simu za maabara. Metroni, mkuu wa wauguzi, mama mwembamba aliyetembea bila kusikika, alikuwa amekwisha kuwaondoa wagonjwa upande ule na kuwapisha.

Kwanza Bi Tena aliomba rejista ya wagonjwa, lile daftari kubwa wanaloandika kwa kalamu kila anayeingia. Alitafuta ukurasa wa juzi, akapitisha kidole. Jina la mtoto lilikuwa mstari wa tisa, miaka minne, kilo 14, kwa mwandiko wa Sista. Kwa hiyo kwa kalamu hakugeuza tarakimu. Kidole kilitaka kushuka mstari wa kumi, lakini kikapanda mstari wa nane.

Mvulana, miaka kumi na mmoja. Pumu. Kilo 41.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Arobaini na moja ilikuwa bado pale. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, maana rejista hii ilikuwapo hapa jana, na yeye alikuwapo hapa jana, na hakuna aliyemzuia kusoma mstari mmoja juu. Alipopewa jibu la tarakimu zilizogeuka alilipokea kama zawadi. Sasa aliona kwamba hakuna aliyegeuza kitu. Huu ulikuwa uzito wa mtu mwingine.

"Sista, kaa. Fanya ulichofanya juzi. Tuanze na huyu mvulana."

Sista alikaa. Akaandika mgonjwa wa uongo, kilo 41, akahifadhi. Akaandika wa pili, kilo 14, akahifadhi. Karatasi ikatoka: kilo 14.

"Tena."

Kilo 14.

"Tena."

Kilo 14. Sista alijifunika uso. "Mama, nimekwisha. Naiona mwenyewe kwamba nimekwisha."

"Hujaisha. Juzi ulifanya hivi hivi? Ulikaa umetulia, hakuna anayekusumbua, ukaandika kama mtu anayeandika barua?"

Sista aliondoa mikono usoni. "Hapa hakuna kutulia, Mama. Nilikuwa nimeshaandika uzito, Metroni akaniita kitanda cha pili. Nikainuka. Nikarudi, nikahifadhi."

"Basi inuka. Fanya kila kitu, hata kile unachoona hakina maana. Metroni, tafadhali, mwite."

Sista aliandika upya wa kwanza, kilo 41, akahifadhi, kisha wa pili, kilo 14; Metroni akaita kwa sauti ile ile ya kazini, na Bi Tena akauona mkono. Sista aliinuka, na huku macho yake yamekwisha kwenda kitanda cha pili, vidole viwili vya kushoto vilishuka kwenye kibodi vikabonyeza na kuachia. Skrini ikawa nyeusi.

"Simama hapo hapo. Umebonyeza nini?"

"Wapi?"

"Kabla hujaondoka."

Sista alitazama mkono wake kana kwamba ni wa jirani. "Aa. Nimefunga skrini. Ndiyo amri. Usipofunga Fundi anakuandika." Akanyosha kidole ukutani kwenye lile tangazo la tatu.

"Hukuniambia jana."

"Hata sikumbuki kama nafunga. Ni kama kufunga mlango wa choo."

Alirudi kitini, akaandika neno lake la siri. Skrini ikawaka. Jina lilikuwapo, na kwenye kisanduku cha uzito iliandikwa wazi 14, Bi Tena akaisoma kwa sauti, Metroni naye akaisoma. Sista akabonyeza kuhifadhi. Mashine ikatema karatasi, na hakuna aliyenyosha mkono kuichukua mpaka Bi Tena alipojipa moyo.

Jina la wa pili. Kilo 41.

Sista alianza kulia bila sauti. Bi Tena angependa kumshika bega, lakini wazo jingine lilimwingia.

"Metroni. Kompyuta kama hii ziko ngapi?"

"Sita. Mbili ziko wodi ya watoto."

"Na saa hizi kuna mtu anaandika?"

Kwa mara ya kwanza siku ile nyayo za Metroni zilisikika. Alikimbia koridoni akipaza sauti kwamba dozi zote zihesabiwe kwa mkono, kwa kalamu, na zikaguliwe na watu wawili.

*

Walirudia mara nyingine tatu. Mara nne kati ya nne, skrini ikifungwa, uzito ulioonekana ulikuwa mmoja na uliochapwa ulikuwa mwingine. Bi Tena alimpigia simu Mkuu wake, akamweleza kwa kifupi.

"Na anayebonyeza ni nani?" aliuliza Mkuu.

"Sista."

"Yaani mtuhumiwa. Mama, utaniletea kiini macho mahakamani? Wakisema kompyuta ya hapo imechezewa? Nataka aliyeitengeneza aseme kosa ni la programu. Saa nane ni saa nane."

Ilikuwa saa tano na dakika ishirini. Bi Tena alifunga simu, akamgeukia Sista. "Jambo hili lilishawahi kutokea?"

Sista aligeuka kulitazama kabati, na Bi Tena akajua kwamba jibu litakalokuja lilikuwa limefichwa tangu jana.

"Ndiyo. Miezi saba iliyopita. Niliogopa kusema, Mama. Nikisema nilijua, si ndiyo uzembe wenyewe?"

Daftari la zamu ni daftari ambamo wauguzi wanaoondoka huwaandikia wanaoingia. Lilikuwa kabatini, chini ya mengine manne. Sista alilifungua mahali penyewe bila kutafuta. *Kompyuta ya dirishani: uzito kwenye karatasi si ule nilioandika. Umetoka wa mgonjwa aliyetangulia. Mara ya pili wiki hii. Mara zote mbili niliitwa nikarudi. Nimemwambia Fundi na nimempa karatasi zote mbili.*

"Akasema nini?"

"Akasema ameshawaandikia wenye programu. Tukawa tunakagua kila karatasi, herufi zile ndogo. Miezi miwili tulikagua. Halikutokea tena, au lilitokea hatukuona. Halafu tukasahau." Alifunga daftari. "Juzi niliangalia jina. Jina lilikuwa sawa. Nitakuwa naliwaza hilo mpaka nife."

Bi Tena alilishika lile daftari kwapani akapanda ngazi. Sista alimfuata, na askari akamfuata Sista.

Fundi alisoma mistari ile akiwa amesimama. "Ndiyo, nilipeleka malalamiko. Si nimekwambia? Chaki akalala nayo."

"Nionyeshe."

"Ni kwenye ukurasa wao wa wazi, mtu yeyote anaona. Lakini ni zamani, sijui kama nitapata—"

"Tafuta. Nina saa mbili na nusu za kukusubiri."

Aliupata kwa nusu dakika. Ripoti yake ilikuwa na kichwa cha neno moja, HAIFANYI KAZI, na chini yake mistari miwili: *Programu yenu ni takataka. Uzito unakosewa. Mnaua watu kwa uvivu wenu. Rekebisheni LEO.*

Chini yake kulikuwa na jibu la Chaki, siku ile ile. *Pole sana kwa usumbufu. Nimejaribu mara thelathini, kwangu halitokei. Naomba unisaidie mambo matatu. Mlifanya nini, hatua kwa hatua? Mlitarajia nini? Kikatokea nini? Ukiwa na karatasi iliyokosewa, ifute jina unitumie picha.*

Baada ya wiki mbili Chaki aliuliza tena. Baada ya siku sitini ripoti ilifungwa, sababu ikiandikwa kwamba maelezo hayatoshi.

"Sikuyaona haya majibu," alisema Fundi. "Anuani yangu ya zamani ilijaa. Siku zile—"

"Hiki ni nini?" Bi Tena aligusa skrini kwa kucha. Chini ya maswali ya Chaki palikuwa na alama ndogo, kidole gumba kilichoelekea chini, na namba moja kando yake. "Mtu mmoja hakupendezwa. Nikiweka mshale juu yake itaniambia ni nani?"

Bi Tena aliusogeza mshale mwenyewe, polepole, kama mtu anayevuka barabara. Likatokea jina la Fundi, na tarehe ya siku ile ile.

Kipoza hewa kilinguruma. Sista alikuwa mlangoni, na hasira iliyomjaa usoni ilikuwa ya mtu ambaye hajawahi kukasirika kazini kwa miaka kumi na tisa.

"Nilikupa karatasi zote mbili," alisema. "Nilikwambia kwamba niliitwa nikarudi. Kila alichokuuliza ulikuwa nacho mkononi."

"Alikuwa ananisaili kama mtoto wa shule!" Fundi aliketi. "Programu ni yake. Kutafuta kosa ni kazi yake. Mimi nilishamwambia kuna kosa."

"Mimi watu huniambia kila siku kwamba kuna mwizi," alisema Bi Tena. "Sogea, nipishe kiti."

*

Bi Tena aliandika kwa vidole viwili, kwa lugha aliyoijua. *Mimi ni Inspekta wa Polisi. Programu yako imesababisha madhara makubwa. Unatakiwa kukiri kwa maandishi kabla ya saa nane leo, la sivyo hatua kali—*

"Mama," alisema Sista.

"Nini?"

"Ukimwandikia hivyo, kwanza atatafuta wakili. Kosa atalitafuta kesho."

Bi Tena alitazama alichoandika. Tofauti na mistari miwili ya Fundi ilikuwa kwamba hii ilikuwa na cheo. Aliifuta yote. "Sema wewe. Mimi naandika."

"Mimi sijui lugha ya kompyuta."

"Hakuuliza kwa lugha ya kompyuta. Amekuuliza ulifanya nini."

Waliiandika ripoti pamoja, na Bi Tena alikuwa mkali kuliko akiwa na shahidi. Sista aliposema "inaharibika," alimwuliza inaharibikaje. Aliposema "mara kwa mara," alimwuliza mara ngapi kati ya ngapi. Aliposema labda ni kumbukumbu ya mashine imejaa, Bi Tena alikataa kuandika, kwa sababu hiyo ilikuwa dhana, na wao walikuwa na walichokiona tu. Wakaipa kichwa kinachoeleweka: *Skrini ikifungwa kabla ya kuhifadhi, karatasi inachapa uzito wa mgonjwa aliyetangulia.*

*Habari Chaki,* waliendelea. *Programu yako imetusaidia miaka mitatu, tunashukuru. Tumepata kosa la hatari na tunaweza kulirudia. Hatua: mwandike mgonjwa wa kwanza, kilo 41, hifadhi. Mwandike wa pili, kilo 14, usihifadhi. Funga skrini. Ifungue kwa neno la siri. Hifadhi. Tulitarajia karatasi iseme 14, maana skrini inasema 14. Karatasi inasema 41. Tukifunga skrini hutokea mara nne kati ya nne. Tusipofunga, halikutokea hata mara moja kati ya kumi na tatu. Picha za karatasi tumeziambatisha; majina ni ya uongo. Sababu hatuijui.*

"Andika pia toleo la programu," alisema Fundi kutoka kwenye kona. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Namba yake iko chini ya ukurasa wa kwanza. Bila hiyo hajui atafute kwenye ipi."

Bi Tena aliandika namba. Mwishoni akaongeza: *Kuna mgonjwa mmoja ameumia, na kuna mtu anaweza kushitakiwa leo saa tisa kwa kosa ambalo huenda si lake. Tuko hapa kwenye kompyuta, tayari kujaribu chochote utakachotuambia.* Akabonyeza kutuma. Ilikuwa saa sita kasoro dakika tano.

Kisha wakasubiri, na kusubiri huko kulikuwa adhabu. Ukurasa ulibaki vile vile. Saa sita na nusu Bi Tena alikuwa ameshakunywa chupa mbili za maji na kwenda chooni mara mbili, akikimbia kwenda na kurudi. Saa saba Mkuu alipiga simu, hakuipokea. Aliwaza kwamba mwalimu yule ameshatukanwa na hospitali hii hii mara moja, na kama angekuwa yeye, asingeufungua ujumbe huu. Sista alikaa sakafuni, mgongo ukutani, akikataa kiti. Metroni alikuja mlangoni kusema kwamba daktari ameona mtoto akiminya kidole cha mama yake, kidogo tu, mara moja, kisha akaenda zake.

Saa saba na dakika kumi na mbili mstari mpya ulitokea.

*Ndiyo kwanza nimetoka darasani. Asanteni sana, hii inaeleweka. Swali moja tu: mnapofunga skrini, kile kijistari kinachowaka na kuzima kinakuwa bado ndani ya kisanduku cha uzito? Jaribuni mkibonyeza kwanza mahali pengine.*

Bi Tena alisoma mara mbili hakuelewa. Kabla hajauliza, Fundi alikuwa amekwisha kusimama.

"Najua anachotaka," alisema. "Niruhusu."

Walishuka wote chumba cha dharura. Fundi alikaa kwenye ile meza nyembamba, pengine kwa mara ya kwanza tangu aiweke pale, akafunga skrini mara tano kijistari kikiwa ndani na mara tano kikiwa nje. Alishika kila karatasi, akaipanga, akaihesabu. Ndani: tano kati ya tano, kosa. Nje: hakuna. Aliandika jibu hapo hapo, mistari mitatu mikavu yenye namba, akapiga picha karatasi zote kumi.

Saa saba na dakika thelathini na nane Chaki alijibu.

*Nimelirudia kwangu. Kosa ni la programu, toleo lenu na yote tangu mwaka jana. Kisanduku kikikatizwa, uzito mpya unabaki kwenye skrini tu na ndani unabaki wa zamani. Sehemu hiyo niliiandika mimi mwenyewe. Aliyeandika 14 aliandika 14. Natuma tahadhari sasa hivi kwa hospitali zote, na marekebisho yatatoka leo. Mgonjwa anaendeleaje?*

Bi Tena alimpigia Mkuu, akamsomea neno kwa neno, kisha, kwa kuwa alijua desturi yake mwenyewe, akasoma tena.

"Mtoe askari mlangoni," alisema Mkuu. "Faili libaki kwako."

Sista hakuruka wala hakushukuru. Aliomba kibodi. Alimwandikia Chaki kwamba mgonjwa ana miaka minne, kwamba bado amelala, na kwamba leo ameminya kidole cha mama yake. Kisha akainuka kwenda kumtazama mtoto, na vidole viwili vya kushoto vikashuka, vikafunga skrini.

*

Ofisini Bi Tena alimwekea Fundi karatasi nyeupe na kalamu. Mlango ulijifunga wenyewe nyuma yao.

"Maelezo yako. Kwa mkono."

Fundi aliandika upesi, akamsogezea. *Niliripoti tatizo kwa watengenezaji miezi saba iliyopita. Hawakulishughulikia.*

Bi Tena aliyasoma mpaka mwisho, ingawa mwisho haukuwa mbali. Akairudisha karatasi.

"Tena."

"Afande, nianzie wapi sasa?"

"Chaki alishakuuliza. Ulifanya nini, ulitarajia nini, kikatokea nini."

Fundi aliichukua kalamu. Shati lake lilikuwa limelowa mgongoni, pasi yote imekwisha. Alipoanza, aliandika polepole, na Bi Tena, aliyezoea kusoma karatasi iliyopinduliwa, aliisoma kutoka upande wake wa meza, neno baada ya neno.

*Niliyasoma maswali yote matatu siku ile ile. Nilijua Sista anayo majibu. Sikumwuliza.*